Ukitaka kuimba karaoke ya Kijapani, anza na "ha"

Watu wakiniuliza wajifunzeje nyimbo za Kijapani wanategemea niwape listi ya nyimbo ishirini kali, mimi siwapi. Nawaambia chagua silabi moja ukae nayo mpaka uizoee, na kama huna unayoipenda basi chukua "ha".

Sababu ya kwanza ni namna Wajapani wenyewe wanavyopanga vitu. Hawaendi a b c d, wanaenda a i u e o, halafu ka, sa, ta, na, ha, ma, ya, ra, wa. Zamani vyumba vya karaoke vilikuwa na kitabu kinene kama biblia ya mchungaji, siku hizi wanakupa tableti unagusa tu, ila mpangilio ndo uleule, unatafuta kwa jina la wimbo au la mwimbaji, silabi ya kwanza kwenda mbele. Na kinachoangaliwa ni linavyotamkwa sio linavyoandikwa, hata jina likiwa la Kiingereza. HELLO ya Fukuyama Masaharu ya 1995 utaikuta kwenye "ha" maana wao wanatamka harō, na Habit ya SEKAI NO OWARI ya 2022 iko humohumo.

Sasa kwa nini "ha" na sio nyingine? Haru ni majira ya machipuko, hana ni maua, na Wajapani kwa hivyo viwili hawachoki, wanaimba toka enzi za mababu mpaka leo. Maana yake kwenye silabi moja unapata wimbo wa mzee wa ofisini, wa dada wa mapokezi na wa vijana wa anime, yaani katuni za Kijapani, chumba chochote utakachoingizwa una cha kuimba.

Mfano andika "hana" kwenye hiyo tableti uone orodha itakayokuja. Kuna Hana ya Taki Rentarō ya mwaka 1900, inasifia mto Sumida pale Tokyo wakati wa machipuko, na huyo jamaa alifariki 1903 akiwa na miaka 23 tu, fikiria. Kuna Hana ya Kina Shōkichi wa Okinawa, 1980. Kuna Hana ya Orange Range, nao wa Okinawa, ya 2004, ilitumika kwenye filamu ya mapenzi. Zote tatu zimeandikwa kwa kanji ileile moja, yaani zile herufi zao zilizotoka China! Ukibonyeza bila kusoma jina la mwimbaji unasubiri rap ya Orange Range unashtukia piano ya kwaya ya shule, na maiki iko mkononi na watu wameshaanza kupiga makofi. Dawa yake ni kuangalia yale maneno machache ambayo mashine inayaonyesha pamoja na jina, ni mwanzo wa wimbo wenyewe. Ya Taki inaanza "haru no urara no", ukiiona hiyo ujue ni ya shule.

Ukiniuliza mimi wa kuanza nao ni Hanamizuki ya Hitoto Yō, 2004. Ni wa taratibu, maneno hayakimbii, na una historia nzuri: hanamizuki ni mti, mwaka 1912 Tokyo iliipa Washington miti ya sakura, baadaye Wamarekani wakarudisha fadhila kwa kuleta hiyo hanamizuki, halafu Hitoto akaja kuandika maneno yake baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ndo maana ukiusikiliza kwa makini ni kama dua hivi. Kiitikio kinapanda kidogo, shusha kii, yaani kimo cha sauti, kitufe kipo, hakuna atakayekucheka.

Haru yo, koi ya Matsutoya Yumi ya 1994 ni ya kuwafurahisha wakubwa. Hana wa saku ya 2012 iweke akilini lakini usiiimbe watu wakiwa wamechangamka na bia, ilitungwa kwa ajili ya waathirika wa tetemeko na tsunami ya Machi 11, 2011, utamwaga maji ya baridi chumba kizima.

Na Hakujitsu ya King Gnu, jamani, achaneni nayo. Ni wimbo mkali sana wa 2019 ila sauti inapaa huko juu ambako wanaume wengi hatufiki, na hata Wajapani wenyewe unawagharimu.

Wa anime nao nawaonya. Wengi tunaijua Haruka Kanata ya ASIAN KUNG-FU GENERATION kwa sababu ya Naruto, ila ile ya kwenye katuni ni dakika moja na nusu, karaoke inakuletea wimbo mzima! Verse ya pili ikifika unabaki umetoa macho kwenye skrini ya kanji. Jifunze wote, au tafuta kama mashine ina toleo fupi la TV.

Kwa upande wa mdomo sisi Waswahili tumependelewa, vokali zao ni zetu zilezile tano, na ile "n" yao inayohesabiwa pigo zima hatuishangai, ni kama m ya mtu. Hanbun ni mapigo manne, ha-n-bu-n. R yao iko katikati ya r na l, kwa hiyo wale mnaotaniwaga kwa kuchanganya kula na kura, hapa mmefika nyumbani. Kinachotuangusha ni kukaza silabi ya pili kutoka mwisho kama tulivyozoea, wao hawana hiyo, fuata muziki tu. Na vokali ndefu vuta kweli, usiikate.

Kama uko Japani nenda mwenyewe kwanza, siku ya kazi mchana, bei inakuwa chini kuliko usiku. Kuimba peke yako wala sio ajabu, wana mpaka jina lake, hitokara. Kanji nyingi kwenye skrini zinakuwa na hiragana ndogo juu yake, zile herufi zao rahisi za silabi, kwa hiyo ukiwa na hiragana tu unatoboa. Wa nyumbani YouTube inatosha.

Ukishaimaliza "ha", hamia "na": natsu ni kiangazi, namida ni machozi, na humohumo kuna Nada Sōsō ya Natsukawa Rimi ya 2001, nayo ya taratibu kama Hanamizuki.