Badiliko la mistari miwili kwenye kompaila: kwa nini linasubiri, na kwa nini usiyafunge maboresho yako pamoja

Ndugu mleta mada, umeuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini badiliko lako la mistari miwili bado linasubiri uhakiki wakati mabadiliko makubwa zaidi yamekwisha kuingia. La pili, kama ni busara kuyafunga pamoja maboresho manne uliyobaki nayo, yaani majina mapya ya funksheni kadhaa, ujumbe wa kosa ulio wazi zaidi, kanuni mpya ya kurahisisha hesabu na muundo wa data wenye kasi, ili yahakikiwe na kuunganishwa kwa mkupuo mmoja. Nimechangia kwenye kompaila huria, yaani programu za wazi zinazogeuza msimbo ulioandikwa na mtu kuwa msimbo wa mashine, kwa miaka kadhaa, kwanza kama mtumaji wa mabadiliko na sasa kama mmoja wa wanaoyahakiki, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyaona nikiwa pande zote mbili. Swali la pili lina jibu fupi: usiyafunge pamoja. La kwanza linahitaji maelezo marefu, na ndani yake ndimo ilimo sababu ya jibu hilo fupi.

Kwenye kompaila, idadi ya mistari haisemi lolote kuhusu uzito wa badiliko. Programu ya kawaida ikiwa na hitilafu, anayeumia ni mtumiaji wa programu hiyo. Kompaila ikiwa na hitilafu, wanaoumia ni watumiaji wa programu zote zilizopitia humo, na mwandishi wa programu hizo ataupekua msimbo wake mwenyewe akitafuta kosa ambalo halimo. Hitilafu inayoiangusha kompaila yenyewe ni afadhali, kwa sababu inaonekana; inayotisha ni ile inayozalisha msimbo wa mashine usio sahihi kimyakimya. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichapisha matokeo ya zana yao iitwayo Csmith, ambayo hutunga programu za C kwa kubahatisha na kulinganisha majibu ya kompaila mbalimbali. Walikuwa wameripoti hitilafu zaidi ya 325 zisizojulikana hapo kabla, zikiwamo za GCC na LLVM, miradi miwili mashuhuri ya kompaila huria ambayo tayari ilikuwa imetumiwa na kukaguliwa na watu wengi kwa miaka mingi. Kwa hiyo mhakiki anapofungua ombi lako la kuunganisha badiliko, hahesabu mistari. Anajiuliza ni programu zipi zitakazotoa matokeo tofauti baada ya mistari hiyo kuingia, na ana ushahidi gani kwamba tofauti hiyo ni halali. Ombi lisilompa ushahidi huo linamlazimu autafute mwenyewe, na kwa kuwa wengi wetu tunahakiki katika muda wa ziada, ombi la namna hiyo huwekwa kando hadi nafasi ipatikane.

Kanuni yako ya kurahisisha hesabu inalionyesha jambo hili vizuri kuliko maboresho yako mengine, na ndiyo ninayotaka kukaa nayo zaidi. Umeandika kwamba kompaila ikikuta x imezidishwa kwa 2 kisha ikagawanywa kwa 2, ibakize x peke yake. Kwa hesabu za darasani ni sahihi. Kwa namba kamili za biti 32 zisizo na alama, yaani zisizoweza kuwa hasi, si sahihi: chukua x kuwa 2,147,483,648; ukiizidisha kwa 2 jibu linafurika, yaani linazidi nafasi ya biti 32, na kubaki 0, na 0 ikigawanywa kwa 2 ni 0, wala si namba uliyoanza nayo. Kanuni hiyo inakuwa halali pale tu panapokuwa na hakikisho kwamba kuzidisha hakutafurika, kama ilivyo kwa namba kamili zenye alama katika lugha ya C, ambako kufurika ni tendo ambalo kiwango cha lugha hakikulifafanua. LLVM hubeba hakikisho hilo kama bendera, yaani alama ndogo, kwenye agizo lenyewe la kuzidisha, na kanuni isiyoikagua bendera hiyo haina budi kukataliwa hata kama majaribio yote yaliyopo yamepita.

Kwa namba zenye nukta inayoelea, yaani za desimali, tahadhari inazidi. Wachangiaji wengi wapya hushangaa kuambiwa kwamba x + 0.0 hairuhusiwi kugeuzwa kuwa x, ilhali x - 0.0 inaruhusiwa. Sababu ni kwamba IEEE 754, kiwango cha kimataifa cha namba hizo, kina sifuri mbili, chanya na hasi, na katika ukadiriaji wa kawaida -0.0 ikijumlishwa na 0.0 hutoa sifuri chanya. Programu itakayogawanya 1 kwa jibu hilo itapata infiniti chanya badala ya infiniti hasi ambayo -0.0 yenyewe ingetoa. Vilevile x ikizidishwa kwa 0.0 haiwezi kudhaniwa kuwa 0.0, kwa maana x inaweza kuwa infiniti, au thamani isiyo namba, au namba hasi. Mhakiki mzoefu anayakumbuka haya yote anapoisoma kanuni yako, na asipoona kwamba nawe umeyafikiria, atakuuliza moja baada ya jingine, na kila swali litaongeza siku za kusubiri.

Dawa ipo, nayo ni kuleta uthibitisho pamoja na badiliko. Kwa wanaofanya kazi na LLVM kuna zana iitwayo Alive2: unaipa msimbo wa kabla na wa baada, nayo hukitumia kitatuzi cha mantiki kiitwacho Z3 kutafuta thamani yoyote ambayo ingefanya matokeo yatofautiane kinyume cha sheria. Ikiipata, inakuonyesha thamani hiyo. Isipoipata kwa kanuni fupi kama yako, una uthibitisho wa kuuweka kwenye maelezo ya ombi. Mhakiki anayekuta uthibitisho huo hana haja tena ya kuuliza kama kanuni ni sahihi, anabaki kuuliza kama ina faida. Swali la faida nalo si la kupuuzwa. Kuna kanuni ambazo, iwapo jibu la katikati linatumika pia mahali pengine, haziondoi agizo lolote bali huongeza moja juu ya yaliyokuwapo. Na kuna kanuni ambazo zikikutana na kanuni nyingine iliyoandikwa zamani hurudishana: moja inageuza msimbo kwenda kushoto, nyingine inaurudisha kulia, na kompaila haimalizi kazi kamwe. Kabla hujatuma, tafuta kama ipo kanuni inayokwenda kinyume na yako.

Majaribio ya kanuni kama hiyo yaandikwe kwa pande mbili: yale ambamo kanuni inapaswa kufanya kazi, na yale ambamo haipaswi kabisa, kwa mfano pale bendera ya kutofurika inapokosekana. Kundi la pili ndilo linalosahauliwa, nami huliangalia kwanza. Katika LLVM kuna desturi nzuri ambayo ningependa kila mradi uige: majaribio huunganishwa kwanza peke yake yakionyesha kompaila inafanya nini leo, kisha badiliko lenyewe linafuata, na hivyo tofauti inayoonekana kwenye majaribio ni athari halisi ya badiliko, bila kuhitaji maneno mengi.

Ujumbe wako wa kosa ni wa aina nyingine. Hauwezi kuharibu msimbo wa mtu, ndiyo maana watu hudhani utapita bila mjadala, lakini huo ndio sehemu ya kompaila ambayo mwanadamu anaisoma kila siku, na naujali sana. Katika kompaila ya lugha ya Rust, maandishi kamili ya ujumbe wa kila kosa huhifadhiwa kwenye mafaili ya majaribio, hivyo kubadilisha maneno matatu kunaweza kugusa mafaili mengi mno. Ipo amri ya kuyaandika upya yote kwa mara moja, na hatari iko hapo hapo: mchangiaji anaiendesha, majaribio yote yanakuwa kijani, na hakuna aliyesoma kwamba katika baadhi ya mafaili ujumbe mpya umekuwa wa kupotosha. Yasome yote kabla hujatuma. Na ikiwa ujumbe wako unapendekeza marekebisho, kama vile kukisia jina ambalo mwandishi alikusudia, tambua kwamba pendekezo lisilo sahihi ni baya kuliko kukosa pendekezo, kwa sababu anayejifunza lugha ataliamini. Rust huyapa mapendekezo viwango vya uhakika, ili zana zinazorekebisha msimbo zenyewe zitekeleze yale tu ambayo kompaila ina hakika nayo. Mradi wako ukiwa na viwango vya namna hiyo, chagua cha chini pale unapositasita.

Kuhusu muundo wa data wenye kasi, ninachohitaji ni vipimo, tena si vya saa ya ukutani. Muda wa kukamilisha kazi hupanda na kushuka kwa sababu zisizohusu badiliko lako, na maboresho ya kompaila mara nyingi huwa chini ya asilimia 1, yaani madogo kuliko mtikisiko huo. Ndiyo sababu miradi ya Rust na LLVM hutazama zaidi idadi ya maagizo ambayo prosesa imetekeleza wakati kompaila inafanya kazi, maana idadi hiyo haiyumbi sana. Pima kwa programu halisi za ukubwa tofauti, na uonyeshe pia zile ambazo hali imezidi kuwa mbaya, kwa kuwa mhakiki atazitafuta hata usipozitaja.

Majina mapya ya funksheni sina mengi ya kusema juu yake. Katika LLVM mabadiliko yasiyogusa utendaji huwekewa alama ya NFC (kifupi cha Kiingereza cha "hakuna badiliko la utendaji") kwenye kichwa chake, na GCC ina kanuni inayowaruhusu wenye haki ya kuandika kwenye hazina ya msimbo kuingiza marekebisho yaliyo dhahiri bila kusubiri idhini. Lakini kubadilisha jina linalotumika mahali pengi huwavuruga wote wenye maombi yaliyo wazi, na huficha historia ya mistari husika. Nakushauri ubadilishe yale tu yanayopotosha maana.

Sasa kuhusu kuyafunga pamoja. Hitilafu ikigundulika miezi kadhaa baadaye, huitafuta kwa kugawa historia nusu kwa nusu hadi lipatikane badiliko lililoileta; mabadiliko 1,000 huhitaji majaribio 10 hivi. Njia hiyo ina nguvu ajabu, ila inakomea kwenye badiliko moja. Kama ndani ya badiliko hilo mna mambo manne, tunabaki na watuhumiwa wanne, na tukiamua kuliondoa ili tawi kuu, yaani msimbo rasmi wa mradi, lirudi katika hali nzuri, matatu yasiyo na hatia yanaondoka nalo.

Hata hivyo nafahamu kilichokusukuma. Kompaila nyingi hujijenga zenyewe: toleo la zamani hujenga jipya, na hilo jipya hujijenga tena, na GCC kwa kawaida huendelea hadi hatua ya tatu ili kulinganisha matokeo ya hatua ya pili na ya tatu. Jambo hilo pamoja na majaribio kwenye mifumo mbalimbali huchukua saa kadhaa, na foleni ya maombi hurefuka. Wala foleni haiwezi kufutwa, kwa sababu mabadiliko mawili yanaweza kupita kila moja kivyake na kushindwa yakikutana: moja linaondoa funksheni, jingine linaiita funksheni ileile mahali papya. Graydon Hoare, aliyeianzisha Rust, alisisitiza kanuni kwamba tawi kuu liwe linapita majaribio yote wakati wote, na mradi huo ukatumia roboti iitwayo bors inayojaribu kila badiliko juu ya hali ya karibuni ya tawi kuu kabla ya kuliunganisha. Ili foleni isonge, watunzaji hukusanya maombi madogo yaliyokwisha kuidhinishwa na kuyajaribu kwa pamoja. Likishindwa kundi zima, linaloshukiwa hutolewa na mengine hurudishwa. Kukusanya huko hufanywa na watunzaji baada ya uhakiki, na kila badiliko hubaki na utambulisho wake katika historia. Badiliko linaloweza kuathiri kasi, kama huo muundo wako wa data, huachwa nje ya kundi ili kipimo chake kisichanganyike na cha jingine.

Angalia pia kalenda. Rust hutoa toleo kila baada ya wiki 6, kwa hiyo hakuna anayekimbizana. Lugha ya Go hutoa matoleo mawili kwa mwaka, Februari na Agosti, na kabla ya kila moja huwa na kipindi cha kufungia mabadiliko mapya. GCC hutoa toleo kubwa mara moja kwa mwaka, na katika hatua ya mwisho ya maandalizi hupokea karibu marekebisho ya mambo yaliyoharibika pekee. Kama mradi wako uko katika kipindi kama hicho, huenda ukimya unaouona hauhusiani na ubora wa kazi yako.

Kwa ombi linalosubiri, rudi uandike upya maelezo yake: tatizo ni lipi, programu gani fupi inalionyesha, nini kinabadilika na nini hakibadiliki. Ongeza jaribio linaloshindwa bila badiliko lako na kupita likiwapo. Kisha andika ukumbusho mfupi wenye heshima palepale kwenye ombi. LLVM hukubali ukumbusho baada ya wiki moja, GCC hushauri baada ya wiki mbili hivi, na hakuna mhakiki ninayemfahamu anayeuona kuwa usumbufu. Baada ya hapo tuma ujumbe wa kosa, kwa kuwa ndio utakaokufahamisha na wahakiki kwa gharama ndogo zaidi. Kanuni ya hesabu ifuate ukishaiwekea sharti la bendera na uthibitisho wake. Muundo wa data uwe wa mwisho, maana vipimo vyake vinapaswa kufanywa juu ya tawi kuu ambalo tayari limepokea hayo mengine.