Chujio la sampu: chukua lile utakaloweza kulisafisha kila likichafuka

Mwanangu ndo alinipigia simu, nipo Kyela msibani siku ya tano, "Shikamoo baba, samaki wote wamepanda juu wanahema." Nikamwambia chomoa pampu kwenye soketi, halafu chukua jagi uchote maji ya tenki uyamwage tena kwa juu, chota mwaga chota mwaga usiache mpaka nifike, maana yale maji yakianguka ndo yanaingiza hewa. Alifanya hivyo karibu jioni nzima akisaidiana na mama yake. Nilikuwa na mbuna 19, wale samaki wa rangi rangi wa Ziwa Nyasa, nilipofika nyumbani usiku wanne walikuwa wameshakufa na wengine wamelala chini karibu na mawe.

Nilipoifungua pampu nikakuta ile propela yake ndogo imezungushiwa nyuzi nyeupe, imekazwa kabisa kama nywele zinavyozunguka kwenye brashi. Ilikuwa pamba ya mito ya kulalia. Niliiweka mimi mwenyewe chemba ya mwisho ya sampu, lile tenki la chini ambamo maji yanachujwa kabla pampu haijayarudisha juu, ili maji yarudi juu yanang'aa, na yalikuwa yanang'aa kweli, wageni wakija wanasema tenki lako kama halina maji. Sasa soksi ya mwanzo, yaani mfuko wa kitambaa wa kuchujia, ilipoziba maji yakaanza kupita juu yake, uchafu wote ukashuka kwenye pamba, pamba ikalemewa ikavutwa na pampu.

Tangu siku ile nimebadilisha kila kitu kwenye sampu na ndo maana naandika, maana naona vijana wengi huku Mbeya wanaanza kufuga samaki wa mapambo na swali la kwanza wanaloniuliza ni chujio gani linasafisha zaidi. Mi nawaambia uliza kwanza lipi utalisafisha wewe, wewe mwenye kazi na misiba na safari za Tunduma, tena mwezi wa saba asubuhi yale maji ya ndoo yanauma mpaka kwenye mifupa ya vidole.

Kuna jambo nilichelewa kulielewa. Uchafu ulionaswa kwenye chujio bado uko ndani ya maji. Macho hayauoni tena lakini maji yanaupitia usiku na mchana, kinyesi na chakula kilichobaki vinaoza palepale, vinatoa amonia, bakteria wanaigeuza kuwa naitraiti halafu naitreti, na kazi yote hiyo inakula oksijeni. Na sisi huku tuko juu, Mbeya mjini ni kama mita 1,700 toka usawa wa bahari, hewa nyepesi, kwa hiyo maji ya joto lilelile yanabeba oksijeni pungufu kuliko ya Dar. Kwa hiyo uchafu ukikaa kwenye chujio wiki mbili haujatoka, umehama chumba tu. Umetoka siku umeubeba kwenye ndoo.

Soksi sizisemi vibaya, zile za maikroni 200 zina vitundu vya kama moja ya tano ya milimita, zinakamata uchafu mwingi. Ila kwa tenki lenye samaki wengi wanaokula vizuri kama mbuna siku nne tano imeshaziba, na kuifua lazima uigeuze ndani nje uisugue. Ukiwa nazo kumi sawa, unabadilisha tu unakusanya unafua zote kwa pamoja. Mi nilikuwa nazo mbili. Zile mashine za kisasa zinazoviringisha kitambaa chenyewe taratibu kikichafuka ni nzuri sana kama una uwezo, lakini roli likiisha lazima upate lingine la kuingia humo humo, na kwa huku unaagiza Kariakoo unasubiri basi, sasa hapo katikati unachujia nini?

Godoro la zamani nalo nililijaribu, nikalichana vipande. Usifanye. Matundu yake ni madogo mno yanaziba siku mbili, na magodoro mengine yana dawa hujui ni ya nini.

Nililobaki nalo ni sponji ngumu ya matundu makubwa, ile ya akwariamu yenyewe, matundu 10 hadi 20 kwa inchi, unene sentimita 5. Tenki langu ni lita 300, sampu ina urefu wa sentimita 90, fundi vioo wa Mwanjelwa akanisogezea kioo cha chemba ya kwanza ikawa kubwa. Maji yakishuka kwenye bomba yanatulia pale, uchafu mzito unalala chini wenyewe, naunyonya kwa mpira wakati wa kubadilisha maji. Halafu yanapita sponji ya matundu makubwa, ikifuata ya matundu ya wastani, basi, baada ya hapo ni vile vijiwe vyepesi vya volkano kwa ajili ya bakteria. Pamba hamna.

Sasa sikiliza hili, maana ndo limeniletea usingizi. Sponji zimesimama wima, na ncha ya juu iko chini ya ukingo wa kioo kwa sentimita 3. Zikiziba kabisa sipo, maji yanapita juu yake yanaendelea na safari, hayamwagiki sakafuni na pampu haikauki. Yatakuwa na vumbi vumbi kidogo lakini samaki wanapumua. Chujio lolote unalotaka kununua, muulize muuzaji hili likiziba maji yanaenda wapi, akishindwa kujibu rudisha hela mfukoni.

Kujua limechafuka sihesabu siku, naangalia kimo cha maji kabla ya sponji na baada ya sponji, kikipishana vidole viwili natoa. Kwangu inachukua kama wiki tatu, na nimepunguza chakula, nawapa kinachoisha ndani ya dakika mbili. Kwa ile ya kwanza ninazo sponji za ziada, chafu inatoka kavu inaingia, dakika mbili nimemaliza hata kabla ya kanisani. Ila usibadilishe zote siku moja, humo nako kuna bakteria, leo ya kwanza, wiki ijayo ya pili. Na ile ya pili nikiitoa siiachi ikauke, naikamulia kwenye ndoo ya maji ya tenki lenyewe nairudisha, siyo ya bomba yenye klorini. Yale maji meusi namwagia chainizi nyuma ya nyumba, inayapenda kweli.

Na ukishafunga kila kitu, kabla hujalala siku ya kwanza, chomoa pampu makusudi kama umeme umekatika, kaa hapo utazame maji yanavyoshuka toka juu mpaka yasimame. Kwangu yakisimama vinabaki vidole vinne kufika ukingoni mwa sampu. Kwako yakifika ukingoni punguza maji usiku huohuo.