Faili mbili zinazoitana

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Natengeneza, kwa lugha ya Python, programu ya kuandikisha machungwa ya Muheza yanayoletwa sokoni. Klasi ya Mkulima ipo mkulima.py, ya Mzigo ipo mzigo.py, na kila faili, mstari wake wa kwanza, inaingiza klasi ya mwenzake. Nikiendesha kuu.py, inayoanza kwa kumwita Mkulima, napata ImportError: cannot import name 'Mkulima'. Jina nimeliandika sawasawa. Tatizo nini?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Ndugu yetu, jina halina kosa; faili zako zinazungukana. Python husoma faili toka juu kwenda chini, na klasi, yaani kiolezo cha kuundia vitu, haipo mpaka mstari wake wa class ufikiwe. Ikifungua mkulima.py inakutana na from mzigo import Mzigo, inaacha kusoma hapo na kwenda mzigo.py. Huko nako inaambiwa from mkulima import Mkulima. Haianzi upya, maana mkulima imeshaorodheshwa kwenye sys.modules, orodha ya faili ambazo Python imeshaanza kuzifungua, ila bado ni tupu. Ndipo inapokwama.

Kwanza angalia nani hasa anamhitaji mwenzake. Kama Mkulima anatunza tu orodha, yaani self.mizigo.append(m), basi jina Mzigo halitajwi popote mle. Futa ule mstari wa juu, mzunguko umekatika. Mara nyingi dawa ni hiyo tu.

Kama Mkulima mwenyewe ndiye anayeunda mzigo, tuseme ndani ya methodi (kazi iliyoandikwa ndani ya klasi) leta(), hamishia from mzigo import Mzigo ndani ya methodi hiyo. Itasomwa leta() ikiitwa, na wakati huo faili zote zimeshakamilika. Njia nyingine ni kuandika juu import mzigo, kisha ndani ya methodi mzigo.Mzigo(matenga=12). Hii ifanye pande zote mbili: upande mmoja ukibaki na from, programu itakubali au itagoma kutegemea faili ipi imeitwa kwanza, na kosa la namna hiyo linachosha sana kulitafuta. Ukisahau na kuandika mzigo(matenga=12), umeita faili badala ya klasi; utapata TypeError.

Kwa klasi mbili zinazotegemeana hivi, sisi tungeziweka pamoja katika biashara.py. Python haidai kila klasi iwe na faili yake.

SWALI: Nimeweka faili zangu kwenye folda soko na kutumia from .mkulima import Mkulima. Nikiendesha python kuu.py inagoma.
Msomaji, Pangani

JIBU: Ile nukta iliyo mbele ya mkulima inahitaji Python ijue folda mama. Toka nje ya soko, kisha andika python -m soko.kuu, bila .py mwishoni.