Kabla Hujapanda Boti: Ya Kumaliza Nyumbani Baada ya Chuo

Mtihani wa mwisho ukishapita, kijana wa Zanzibar, wa Chake au wa Makunduchi, huona imebaki kazi moja tu, kusubiri mahafali. Hapo ndipo wengi wanapoichezea miezi mitatu au minne ambayo hawataipata tena. Karatasi atakazodaiwa akivuka kutafuta kazi Dar es Salaam au Dodoma karibu zote zinatoka huku: chuoni, skuli aliyosoma, ofisi ya wilaya, kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwake. Ukiwa nyumbani, kufuatilia karatasi moja ni nauli ya daladala. Ukishahama, karatasi hiyo hiyo ni boti ya kwenda na kurudi, ni ruhusa ya siku mbili kwa mwajiri ambaye hajakuzoea, na pengine unafika unaambiwa afisa mwenyewe yuko semina.

Anza na majina, kwa sababu hayo ndiyo yanayokwamisha watu kuliko alama za darasani. Tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, Zan ID (kitambulisho cha Mzanzibari), kitambulisho cha taifa cha NIDA au namba yake, cheti cha kidato cha nne, cha sita, na transkripti ya chuo. Soma jina herufi kwa herufi kwa sauti, mwenzako akifuatisha kwenye karatasi nyengine. Kwetu mtu ana jina lake, la baba na la babu, na mengi ya majina hayo yana tahajia zaidi ya moja: Khamis na Hamisi, Mohammed na Mohamed, Khadija na Hadija, Said na Saidi. Mwalimu wa darasa la kwanza aliandika alivyosikia, karani aliandika alivyozoea, na mtihani wa taifa ukafuata daftari la skuli. Mtaani kila mtu anajua ni wewe. Kwenye chumba cha usaili hakuna anayekujua, na kompyuta haina habari kwamba Khamis na Hamisi ni mtoto mmoja wa mama mmoja.

Ukikuta tofauti, usikimbilie kubadilisha cheti cha mtihani. Vyeti vya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, ndivyo vigumu kuliko vyote kuguswa, kwa hiyo vifanye nguzo na uvute karatasi nyengine zivifuate. Cheti cha kuzaliwa na Zan ID vinashughulikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, katika ofisi zake za wilaya. NIDA nao wana ofisi zao. Ikiwa tofauti haiondoki, kwa mfano jina la tatu kwenye cheti cha skuli ni jengine kabisa, nenda kwa wakili akuandalie hati ya kisheria ya majina (deed poll), na hati hiyo isajiliwe serikalini. Watu hukosea hapa. Wanaridhika na kiapo kilichopigwa muhuri wa wakili, kisha siku ya usaili wanaulizwa hati iliyosajiliwa, na hapo hakuna pa kukimbilia.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Hakikisha zinalingana na cheti chako cha kuzaliwa, maana kosa la siku moja ni kosa. Wako wahitimu wa Unguja na Pemba waliomaliza chuo kwa Zan ID peke yake bila kusumbuliwa na mtu. Ng'ambo ya maji si hivyo: laini ya simu, akaunti ya benki, namba ya mlipakodi, fomu ya ajira, vyote vinaanza na NIDA. Kadi ikichelewa, namba yenyewe inatosha kuanzia kazi nyingi, basi usingoje kadi. Na Zan ID usiitupe kabatini. Tangazo la kazi za Serikali ya Mapinduzi litakuhitaji nayo, na ukirudi kwa boti inakupa nauli ya mwenyeji.

Chuoni, fomu ya kuthibitisha kwamba hudaiwi haitembei yenyewe. Maktaba, uhasibu, dakhalia na idara kila mmoja anatia saini yake, na kitabu kimoja ulichomwazima rafiki mwaka wa pili kinaweza kuzuia cheti chako. Ianze wiki ile ile unayomaliza mitihani, wafanyakazi wakiwa bado wapo na wewe bado una pahala pa kulala mjini. Aliyekwenda kwao Micheweni akisema atarudi "baadaye kidogo" hulipa meli kwa saini moja.

Cheti halisi usikitie plastiki ya moto. Muhuri mwengine hauwezi tena kugongwa juu yake, alama za usalama hazikaguliki vizuri, na plastiki ikibanduka inaondoka na wino. Bahasha ngumu ya plastiki inatosha, pamoja na nakala tano za kila cheti zilizothibitishwa na wakili au hakimu. Kisha chukua skani ya kila karatasi kwa rangi, kwa faili la PDF, nukta 150 hadi 200 kwa inchi. Ukizidisha hapo faili linakuwa zito na mfumo wa maombi unalikataa. Ukipunguza, muhuri hausomeki. Picha ya simu iliyopigwa juu ya kitanda, yenye kivuli cha kidole, haifai. Faili lipe jina linaloeleweka, na nakala ziweke kwenye baruapepe yako mwenyewe, maana simu huibiwa Kariakoo mchana kweupe.

Kazi za Muungano zinaombwa kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, za Serikali ya Mapinduzi (SMZ) kupitia mfumo wa ZanAjira. Fungua akaunti kwenye yote miwili ukiwa huku. Kwenye matangazo ya Sekretarieti kuna mstari ambao wengi wanaupita bila kuusoma: hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita, transkripti zisizo kamili na barua za ushuhuda wa skuli hazikubaliwi. Wanataka cheti chenyewe. Kama bado unatembea na karatasi ya matokeo ya kidato cha sita kwa kuwa cheti "kiko skuli", kakichukue kesho. Aliyesoma nje ya nchi ana hatua ya ziada, vyeti vyake vya chuo vithibitishwe TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na hilo si jambo la siku mbili.

Barua ya utambulisho ya sheha iache mwisho kabisa, wiki ya safari. Barua hii ina umri. Ukiichukua mwezi wa pili ukaondoka mwezi wa saba, huko unakokwenda watauliza mbona ya zamani. Bara hakuna sheha. Utampelekea mwenyekiti au mtendaji wa serikali ya mtaa, na yeye ndiye atakayekuandikia utambulisho unapouhitaji. Mwombe sheha aandike majina yote matatu kama yalivyo kwenye NIDA, na unakokwenda. Muhuri ukiwa hafifu, usione haya kumwomba apige tena.

Sasa fedha. Kosa la kawaida ni kuhesabu kodi ya mwezi mmoja. Dar es Salaam mwenye nyumba anataka miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali anachukua sawa na kodi ya mwezi mmoja. Tuchukulie chumba cha shilingi 80,000: miezi sita ni 480,000, dalali 80,000, jumla 560,000 kabla hujanunua godoro. Ongeza godoro, ndoo mbili, jiko la gesi la mtungi mdogo wa kilo 6, sufuria, nauli na chakula cha miezi miwili. Miwili, kwa sababu jina la mwajiriwa mpya likifika baada ya orodha ya mishahara ya mwezi huo kufungwa, linangoja mwezi unaofuata. Mwenye laki tatu mkononi asipange chumba. Afikie kwa jamaa.

Kufikia kwa jamaa si aibu, ndivyo watu wetu walivyohamia tangu zamani, khasa kwa mtoto wa kike ambaye wazee wake hawatamruhusu vyenginevyo. Kinachoharibu ni kwenda bila muda. Baba au mama aongee na ami, mjomba au shangazi kabla ya safari, aseme wazi: miezi miwili, au mitatu. Wewe ukishafika, nunua umeme mara moja kwa mwezi bila kuombwa, osha vyombo, na ukichelewa kurudi piga simu. Chumba utafute wakati huo huo, kwa miguu yako.

Ukikagua chumba, nenda mara mbili: mara moja usiku, mara moja saa kumi na mbili asubuhi siku ya kazi, upande gari kutoka hapo hadi kazini. Chumba rahisi cha Mbagala kinaweza kukugharimu saa nne barabarani kila siku. Tazama ukuta karibu na sakafu. Mstari wa maji au chokaa mpya ya chini peke yake ni dalili ya mafuriko, na nyumba za bonde la Msimbazi huwa na historia hiyo. Uliza maji yanatoka siku gani. Uliza mita ya umeme inatumiwa na vyumba vingapi, maana ugomvi mwingi wa wapangaji unaanzia hapo: mmoja ana friji, mwengine ana taa moja, na tokeni wanachanga sawa. Fedha usimpe dalali kwa niaba ya mwenye nyumba. Mkataba uandikwe, na ikiwezekana upigwe muhuri serikali ya mtaa.

Mzigo. Boti ya haraka kutoka bandari ya Malindi, Unguja, hadi Dar ni kama saa mbili, lakini anayetoka Pemba, bandari ya Mkoani au Wete, ana bahari nyengine kabla ya hiyo, na mkondo wa Nungwi wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, haumstahi mtu. Kula kidogo, kaa katikati ya chombo, nyuma kuliko mbele, mumunya kipande cha tangawizi. Beba begi moja la nguo na kikapu kimoja. Vyeti viwe mwilini mwako, visiwe kwenye begi linaloachwa na wachukuzi. Mtungi wa gesi usiubebe, nunua huko. Kitu kipya cha umeme kiwe na risiti, kwani bandarini mzigo unakaguliwa.

Mama atataka kukufungia vitu. Ng'onda, mkeka, halua ya Wete, shuka mbili, chandarua: chukua, vitakufaa na vyengine ni zawadi ya mwenyeji wako. Karafuu ni habari nyengine. Konzi moja ya pilau haina neno, lakini usikubali kubebeshwa pishi za kumpelekea mtu. Karafuu zinanunuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, peke yake, kuzivusha ni magendo, na anayekamatwa ni yule mwenye kikapu.

Anayeitwa usaili Dodoma sasa anaweza kuteremka boti na kuendelea kwa treni ya SGR, iliyoanza kufika huko 2024. Usipange vyote siku moja. Bahari ikichafuka safari huahirishwa, na Sekretarieti haingoji mtu. Lala Dar usiku mmoja, vyeti halisi na kitambulisho viwe tayari kwenye bahasha.

Na ukipata kazi, tiketi ya kurudi kwa Idd ikate Ramadhani ikiwa bado changa. Kumi la mwisho viti vinakwisha, kwanza vya Dar kuja Unguja, halafu vya Unguja kwenda Pemba, na ukipata cha kwanza ukakosa cha pili utasali Idd Malindi ukiwa na kikapu cha watu mkononi.