Maswali ya Wasomaji: Blogu Yangu Imelala, Niiamsheje?

Barua za mwezi huu kutoka Lamu na Malindi zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mbona wengi huanzisha blogu kwa kishindo na kuiacha baada ya miezi michache, na yule anayedumu ana nini ambacho wengine hawana? Tumechagua barua tano.

Assalamu aleikum. Nilianza blogu ya historia na maisha ya Lamu mwezi wa Ramadhani. Mwezi wa kwanza nilichapisha makala 11, wa pili 3, na sasa ni miezi mitatu sijaandika hata mstari. Je, kuna watu walioumbiwa kazi hii, na sisi wengine hatukuumbiwa? — Mwalimu, Mkomani, Lamu

Waaleikum salaam, mwalimu. Hukukosa kipaji. Ulijiwekea ahadi ambayo hata mwandishi wa kulipwa angeishindwa. Hebu tupige hesabu. Makala ya maneno 700 yenye picha tatu hula kama saa 6: saa 2 za kuuliza na kusikiliza watu, 2 za kuandika, 1 ya picha na 1 ya kusahihisha. Makala 11 ni saa 66 ndani ya mwezi mmoja, juu ya kazi ya darasani, juu ya funga. Hamu ilikubeba kwa sababu hamu haiangalii saa. Mwezi wa pili mwili ukadai chake.

Kwa hiyo sifa ya kwanza tunayoitazama kwa mwanablogu si bidii. Ni uaminifu kwa ahadi ndogo. Chukua wiki moja ya kawaida, uandike saa ulizokuwa huru kwelikweli, si zile unazotamani ungekuwa nazo. Ukipata saa 3, ahadi yako ni makala moja kila wiki mbili, basi. Usiitangaze kwa mtu. Kabla ya kurudi hadharani andika makala 4 uziweke akiba, na kila unapochapisha moja, andika nyingine ya kujaza pengo. Akiba ikishuka hadi 2, hiyo ni dalili kwamba mwendo umekuzidi: sogeza makala kutoka kila wiki mbili hadi kila wiki tatu kabla hujaishiwa kabisa. Blogger na WordPress, huduma za kuendeshea blogu, zote mbili hukuruhusu kupanga mapema siku na saa ya makala kutoka. Basi mitihani ya shule ikifika, au Maulidi yakaingia na nyumba ikajaa wageni, blogu itaendelea bila wewe kukaa macho.

Kazi yenyewe igawe siku tatu. Siku ya kwanza kusanya habari, ya pili andika rasimu bila kurudi nyuma, ya tatu sahihisha. Anayetaka kumaliza yote usiku mmoja huishia kuiandika aya ya kwanza mara tano, akalala na hasira.

Utakaporudi, jihadhari na mambo mawili yanayoua blogu mara ya pili. Moja ni kulipa deni: kutaka kuandika makala zote ulizozikosa kwa miezi mitatu. Hakuna anayekudai, anza na ya leo. La pili ni kufungua kwa aya nzima ya kuomba radhi kwa kimya chako. Msomaji mpya hakujua kwamba ulinyamaza.

Sifa ya pili ni udadisi, na kwetu sisi hii ndiyo kubwa kuliko zote. Nidhamu itakuketisha mbele ya karatasi, lakini haitakupa la kuandika. Asiye na udadisi huenda Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi, akarudi na makala moja, “Ufundi wa Majahazi”, kisha akalalamika kwamba mada zimemwishia. Mdadisi hurudi na makala sita kutoka kwa chombo kilekile: mbao zinatoka wapi na kwa nini hizo, mkuku (mti wa chini kabisa unaobeba chombo) unalazwaje, mataruma (mbavu za chombo) yanachongwa kwa kufuata mkunjo wa asili wa mti au yanalazimishwa, kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao, hutiwa nini ili maji yasipenye, tanga hushonwa na nani, na chombo kikichakaa huishia wapi. Kila swali limezaa swali. Udadisi si kipaji tu, hufunzika. Tembea na daftari dogo, na kila unapozungumza na fundi, mvuvi au mpishi, usiondoke bila kuandika maswali matatu ambayo hukuyapatia jibu. Makala yajayo yamo humo.

Jambo moja la kwetu pwani: fuata majira. Kusi, upepo wa kutoka kusini, inapovuma kwa nguvu na bahari kuchafuka, mengi ya uvuvi na usafiri hubadilika, na watu huyatafuta wakati huohuo. Maelezo ya kusi yakusanye wakati wa kusi, uyasafishe wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, uyachapishe kusi ya pili inapokaribia. Aliyezoea kufikiri hivi kwa mwaka mzima hachoki upesi, maana hatafuti mada usiku wa kuamkia siku ya kuchapisha.

Nina blogu ya mapishi kwa miezi mitano. Wasomaji ni 14 kwa siku. Kila asubuhi nikifungua takwimu moyo unavunjika. Nivumilie mpaka lini? Na je, blogu yaweza kuniletea fedha? — Dada, Langoni, Lamu

Dada yetu, subira ni sifa, lakini subira ya kukodolea namba kila asubuhi ni mateso tu. Funga takwimu. Zifungue mara moja kwa mwezi, siku ileile, na uangalie mambo mawili: makala gani bado inasomwa baada ya siku 60, na watu waliandika maneno gani Google hata wakakufikia. Ukiweka kiungo kwenye hali yako ya WhatsApp, utapata wasomaji siku hiyo, na kesho yake wametawanyika. Wanaokuja kwa kutafuta huchukua miezi kuanza kufika, lakini wakianza huja hata siku ambayo hukuandika kitu. Blogu ya mapishi huishi kwa hawa wa pili.

Tatizo jingine huenda liko kwenye maneno yako. Wewe ni Muamu, mtu wa Lamu, na kwa kawaida utaandika “mtele”. Anayetafuta akiwa Nairobi au Tanga ataandika “mchele”, na hamtakutana. Usiache Kiamu chako, lahaja ya Lamu, maana ndicho kinachoitofautisha blogu yako na nyingine elfu. Weka neno sanifu kwenye kichwa cha makala na aya ya kwanza, kisha endelea kwa lugha ya nyumbani ukieleza tofauti mara moja. Kichwa nacho kiwe wazi. “Utamu wa Nyumbani” hakitafutwi na mtu. “Jinsi ya kupika mkate wa sinia” kinatafutwa.

Na vipimo, dada. “Tia nazi kiasi” ndiyo sababu msomaji harudi. Sema ni nazi ngapi, tui zito kikombe kimoja au viwili, moto wa makaa juu na chini kwa dakika ngapi, na useme kinachoharibika: mkate usipoumuka kosa liko wapi, ukiungua chini na kubaki mbichi ndani ni kwa nini. Aliyefanikiwa jikoni kwa maelezo yako atarudi bila kuitwa. Jipe miezi 12 ya mwendo huu ndipo uamue.

Kuhusu fedha, kwa kuwa uliuliza mwishoni mwa barua: matangazo ya Google AdSense hayakulipi mpaka salio lifike dola 100, na kwa wasomaji 14 kwa siku usiyaweke kwenye hesabu ya nyumba. Akitokea mtu wa kuagiza maandazi na viazi vya karai vya hafla kwa sababu alisoma blogu yako, hiyo ni njia fupi zaidi. Weka ukurasa mmoja wenye namna ya kukufikia.

Niliandika kuhusu kufika kwa Vasco da Gama hapa Malindi, nikageuza tarakimu: badala ya 1498 nikaandika 1489. Mzee mmoja alinisahihisha mbele ya watu, wengine wakanitukana. Nikaifuta makala, na tangu hapo naogopa kuandika. — Kijana, Malindi

Ndugu yetu, hapa wengi huvunjika, na ushauri wa “uwe na ngozi ngumu” hausaidii. Kinachosaidia ni kujua kupambanua. Maoni ya wasomaji ni ya aina tatu. Kuna sahihisho, linalotaja jambo mahususi ulilokosea. Kuna ubishi, mtu akikataa maoni yako lakini ana hoja. Na kuna tusi, lisilotaja chochote ila wewe. Sahihisho lishukuru na ulitekeleze siku hiyohiyo. Ubishi ujibu mara moja, kwa utulivu, uache. Tusi futa bila maelezo. Weka mpangilio wa maoni kusubiri idhini yako kabla ya kuonekana, na usijibu lolote lililokukasirisha mpaka ulale uamke.

Yule mzee alikupa zawadi. Kuifuta makala ndilo kosa la pili, kwa sababu walioisoma wamebaki na 1489 vichwani na hawana pa kuona sahihisho. Irudishe, na juu kabisa uweke: “Sahihisho: awali tuliandika 1489. Mwaka sahihi ni 1498.” Tia na tarehe ya siku hiyo. Kisha, kwa heshima yake, nenda ukamwamkie mzee huyo na umwombe akusomee makala zako za historia kabla hazijatoka. Mzee wa namna hiyo ni wa thamani kuliko programu yoyote ya kusahihisha.

Kosa la tarakimu lina dawa rahisi. Andika makala, kisha zungushia kalamu kila mwaka, kila jina na kila idadi, na uzilinganishe moja moja na chanzo kilicho mbele yako, si kilicho kichwani. Ngome ya Lamu ilianza kujengwa 1813, ikamalizika 1821; Mji Mkongwe wa Lamu uliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO 2001. Hizo ni tarakimu tatu katika sentensi moja, na kila moja inaweza kugeuka mkononi. Lisilopatikana kwa vyanzo viwili liandike kama simulizi: “wazee wa mtaa husimulia kwamba”.

Tuongeze jambo la picha, maana umeambatisha moja ya watoto wakiogelea. Iondoe. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na picha ya mtoto anayetambulika inahitaji idhini ya mzazi. Hata kwa watu wazima, mwambao wetu una adabu zake: omba kwanza, hasa kwa kina mama, na ukikataliwa usipige kwa mbali. Mwanablogu anayejulikana kwa kuomba ruhusa hufunguliwa milango kwa miaka. Aliyeiba picha moja hufungiwa mtaa mzima.

Nikope ninunue kamera na tarakilishi ndipo nianze? — Msomaji, Shela

La. Simu uliyoandikia barua hii inatosha. Punguza tu picha kabla ya kuzipandisha: upana wa pikseli 1200 na uzito usiozidi KB 200 zinatosha kwa skrini. Picha ya simu ikiachwa ilivyo huwa na MB kadhaa, na msomaji wa bando dogo ataondoka kabla haijafunguka. Deni la kifaa hukulazimisha kutaka faida mapema, na hapo ndipo watu huacha.

Nimestaafu, niko Faza. Nataka kuhifadhi maneno ya kale na desturi za visiwa vyetu, lakini vidole ni vizito na mjukuu ndiye anayejua mitandao. Nimechelewa? — Babu, Faza

Shikamoo, mzee wetu. Una sifa ambayo vijana wanaitafuta: una mengi ya kusema na huna haraka ya kusifiwa. Neno moja kwa wiki, pamoja na sentensi inayolitumia na jambo lilipotumika, ni maneno 52 kwa mwaka. Hiyo ni hazina.

Vidole visikuzuie. Kibodi ya Google kwenye simu huandika Kiswahili kwa kusikiliza sauti. Mjukuu awashe lugha hiyo kwenye mipangilio, wewe uzungumze polepole karibu na simu, mahali pasipo upepo. Kasoro yake ni kwamba imezoea Kiswahili sanifu. Ukisema “ndia” huenda ikaandika “njia”, ukisema “mato” ikaandika “macho”, na hayo ndiyo hasa unayotaka kuyahifadhi. Kwa hiyo usichapishe kabla mjukuu hajakusomea kwa sauti nawe ukarekebisha. Sauti yenyewe nayo irekodiwe na kuwekwa, maana matamshi hayaandikiki yote.

Liko jambo ambalo huvunja blogu za namna hii hata mwandishi akiwa na kila sifa. Akaunti hufunguliwa kwa namba ya simu ya mjukuu. Anakwenda Mombasa kusoma, anabadilisha laini, na siku Google inapotuma namba ya uthibitisho, inakwenda kwa laini iliyokufa. Fungueni akaunti kwa namba yako, mzee, kisha muongeze ya mjukuu kama ya pili. Nywila iandikwe kwenye karatasi mbili, moja kwako na moja kwa mtu mwingine wa nyumbani unayemwamini. Kila mwezi mjukuu apakue nakala ya blogu nzima. Mara nyingi faili hiyo huwa na maandishi tu, picha na sauti hazimo, kwa hiyo hizo azihifadhi kando kwenye kadi ya kumbukumbu, iwekwe pakavu mbali na hewa ya chumvi. Na mkinunua jina lenu la tovuti linaloishia na .ke, tarehe ya kulipia upya kila mwaka muiandike ukutani palipo na kalenda ya swala, kila mtu aione.