Maswali ya Wasomaji: Majeshi ya Kale Juu ya Meza

Toleo lililopita niligusia mchezo wa vita vya mezani, ambao watu wawili hupanga visanamu vya askari juu ya meza, huvisogeza kwa kupima umbali, na huamua mapigano kwa dadu kulingana na kanuni zilizoandikwa na watu walioisoma historia. Barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko nilivyotarajia, na karibu zote zinahusu zama za kale, yaani majeshi ya mkuki, upanga na farasi. Nimechagua sita.

Ninafundisha historia katika shule ya sekondari. Ningependa kuanza mchezo huu, lakini hapa mjini sijamwona mtu mwingine anayeucheza, na bei za visanamu zinatisha. Nichague jeshi gani?
*Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, usichague jeshi, chagua vita. Anayeanza huambiwa mara nyingi atafute jeshi moja linalomvutia, na ushauri huo unamfaa mtu wa Nottingham, Uingereza, ambaye mpinzani humkuta klabuni akiwa na jeshi lake mkononi. Wewe uko peke yako, na mwenye bao hanunui kete za upande wake tu akangoja mgeni aje na zake. Andaa pande zote mbili, ili yeyote atakayekaa upande wa pili wa meza, awe mwanafunzi, jirani au shemeji, akute jeshi lake limekwisha kupangwa.

Mimi ningekupa vita vya pili kati ya Roma na Karthago, mji uliokuwa pwani ya Tunisia ya leo, vya mwaka 218 hadi 201 KK. Visanamu vyake hutengenezwa kwa kila ukubwa, habari zake tunazo kwa Polybius, mwanahistoria Mgiriki aliyezaliwa vita vikikaribia kwisha na kuzungumza na watu waliovishuhudia, na majeshi yenyewe hayafanani hata kidogo, kwa kuwa Roma hutegemea askari wa miguu wenye panga, na Hannibal, jemadari wa Karthago, hutegemea farasi na mchanganyiko wa watu wa Libya, Hispania, Gaul na Numidia.

Kuhusu kanuni, anza na De Bellis Antiquitatis, ambazo wachezaji huziita DBA. Zilitoka Uingereza mwaka 1990, na uzuri wake kwa mtu wa hali yetu ni kwamba jeshi zima lina vibao 12 tu, uwanja wake ni mraba wa kiasi cha sentimita 60, na pambano huisha kabla ya saa moja. Kibao ni kipande kidogo ambacho visanamu hugandishwa juu yake, na hicho ndicho kinachosogea, si askari mmoja mmoja. Jeshi la Roma la wakati huo lina vibao sita vya askari wa upanga, viwili vya wazee wa mikuki walioitwa triarii, viwili vya warushaji wepesi na viwili vya wapanda farasi. Ukihesabu vichwa, ni askari 36 wa miguu na farasi sita.

Lakini kabla ya kununua hata mmoja, nunua karatasi ya manila. Kata vipande vya upana wa sentimita 4. Vya askari wazito viwe na kina cha sentimita 1.5 na vya farasi sentimita 3. Andika juu ya kila kimoja jina la kikosi, wino mwekundu kwa Roma na wa buluu kwa Karthago, kisha cheza. Kwa gharama ya manila na dadu mbili utakuwa umejifunza jambo ambalo wengine hulijua baada ya kumaliza mshahara: kama mchezo wenyewe unakupendeza au ulichokipenda ni picha tu.

Utakapocheza utaona jambo moja linalowatesa wageni wote. Kila zamu unarusha dadu, na namba inayotoka ndiyo idadi ya amri ulizo nazo. Vibao vilivyopangwa bega kwa bega husogea vyote kwa amri moja, lakini vikitengana kila kimoja hudai amri yake. Basi anayetawanya jeshi lake kwa pupa, akapata moja katika dadu, hubaki amelitazama likiwa limesimama vipande vipande. Wanafunzi wako watafahamu hapo, bila hotuba, kwa nini majenerali wa kale walihangaika sana kulinda safu.

Baada ya michezo mitatu au minne, jaribuni vita vya Cannae, huko Italia, vya tarehe 2 Agosti 216 KK. Polybius anaandika kwamba Warumi walikuwa na askari wa miguu wapatao 80,000 na farasi zaidi ya 6,000, na Hannibal alikuwa na askari wa miguu wasiozidi sana 40,000 na farasi wapatao 10,000. Panga kadi za Roma zikiwa zimerundikana katikati kama walivyofanya, mpe mwanafunzi mkaidi kuliko wote azisukume mbele, na wewe shughulika na mabawa, yaani vikosi vya pembeni.

Mimi sikupata wa kuniambia haya. Nilianza na falanksi ya Makedonia, yaani safu nene ya mikuki mirefu, ya visanamu vyenye urefu wa milimita 28, kila askari na mkuki wake mrefu kama sindano, bila adui hata mmoja. Nilihama nyumba mara mbili, na leo nina sanduku la askari walioshika vijiti vilivyokatika.

Assalamu alaikum. Mwanangu wa miaka 15 ameanza kucheza mchezo huu na wenzake. Nimeona dadu mezani. Je, hii si kamari? Na kama dadu ndiyo inayoamua, akili iko wapi?
*Mzazi, Mombasa*

Waalaikumu salamu, ndugu yangu. Katika mchezo wenyewe hakuna dau, wala anayeshindwa hapotezi kitu. Hata hivyo ninajua kwamba wako wanazuoni wanaoikataa dadu yenyewe hata pasipo fedha, na hukumu ya dini si ya mwandishi wa safu kama hii. Muulize shekhe unayemwamini. Ninachoweza kukueleza ni kwamba zipo kanuni zisizotumia dadu kabisa, kama To the Strongest, ambazo vipande vyenye namba 1 hadi 10 vinaweza kuchotwa mfukoni mahali pa dadu.

La akili nitalijibu kwa mfano. Katika DBA askari wa Kirumi wa upanga ana nguvu 5 dhidi ya askari wa miguu, na Mhispania wa silaha nyepesi ana 3. Kila mmoja huongeza namba ya dadu yake. Mrumi akipata 1 na Mhispania 6, ni 6 kwa 9: Mrumi anarudi nyuma hatua moja, basi. Sasa mpe Mrumi yuleyule adui waliompita kila upande wa safu yake. Kila upande unampunguzia 1, kwa hiyo 5 imekuwa 3. Dadu zilezile zikitoka, ni 4 kwa 9. Hajafikia hata nusu ya mwenzake, na kibao chake kinaondolewa mezani. Bahati haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kazi ya zamu mbili au tatu zilizotangulia, za mtu aliyejua kupeleka vibao vyake pembeni.

Siwezi kudai kwamba mchezo huu unaushinda bao kwa akili. Bao halina bahati, na bingwa wake hana kisingizio. Huku kisingizio kipo kila wakati, na nadhani ndiyo sababu moja ya watu kuupenda.

Ninafanya kazi ya uuguzi hapa Birmingham na ninaishi katika fleti ndogo. Kuna klabu karibu nami, lakini sijui ninunue askari wa milimita 28 au wa 15. Nifanyeje?
*Msomaji, Uingereza*

Dada yangu, nenda klabuni mikono mitupu kwanza. Uliza wanacheza kanuni gani na kwa ukubwa upi, kwa maana jeshi zuri lenye ukubwa usiochezwa na mwingine yeyote litakurudisha kwenye hali ya mwalimu wetu wa Morogoro. Kwa kawaida utapewa jeshi la kuazima jioni hiyohiyo, kwa sababu wachezaji wa zamani wana majeshi mengi kuliko nafasi.

Ukiachiwa uchague, kwa fleti ndogo ningekwambia 15. Jeshi lote la DBA huingia katika sanduku la viatu na nafasi ikabaki. Askari wa 28 ana sura, vidole na mikunjo ya kanzu, na kumpaka rangi ni raha ya peke yake. Lakini wa 15 anaonekana vizuri akiwa katika kundi, na vita vya kale ni vya makundi. Kwa kuwa uko huko, ujue pia kwamba kuna Society of Ancients, chama kilichoanzishwa mwaka 1965 kwa ajili ya historia na michezo ya zama hizi, chenye jarida lake liitwalo Slingshot.

Shikamoo. Nimewapaka rangi askari wa plastiki laini. Rangi inabanduka kwenye mikuki, na nilipopuliza vanishi wote wakawa na ukungu mweupe. Nimekosea wapi?
*Kijana, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Umekosea mara mbili, na kosa moja ni la hali ya hewa. Vanishi ya kupuliza haipendi unyevu, na hewa ya pwani imejaa unyevu, hasa asubuhi na baada ya mvua. Ngoja mchana mkavu, au acha kupuliza kabisa, utumie vanishi ya maji kwa brashi. Hao walioingia ukungu wapake vanishi ya kung'aa kwa brashi. Mara nyingi ukungu huondoka.

Kuhusu mikuki, plastiki ile hupinda na rangi haipindi nayo. Tena hutoka kiwandani ikiwa na mafuta ya kalibu. Safari ijayo osha askari kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, waache wakauke usiku kucha, kisha wapake gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji kabla ya rangi. Kama unao pia askari wa zamani wa metali, wengi wana risasi ndani yao, ile metali yenye sumu: nawa mikono, na usiwaweke mbele ya watoto wadogo.

Niliwapaka Warumi wangu wa wakati wa Hannibal ngao za njano. Mwenzangu akacheka, akasema ngao ya Mrumi ni nyekundu. Nani ana haki?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Ndugu msomaji, mwenzako na akuoneshe ngao hiyo nyekundu. Ngao moja ya Kirumi ya mbao iliyopindika iliyobaki na rangi zake ilipatikana Dura-Europos, nchini Syria, na ni kweli ina wekundu mwingi. Lakini ni ya karne ya tatu baada ya Kristo, zaidi ya miaka 400 baada ya Hannibal. Kutumia hiyo kumhukumu askari wa Cannae ni kama kuchukua sare za polisi wa leo ukamvika askari wa Mreno aliyekuwa Fort Jesus. Kwa ngao za wakati wako ushahidi wa rangi hautoshi kumcheka mtu.

Afadhali bidii hiyo uipeleke penye ushahidi. Polybius anasema Wahispania wa Hannibal walivaa kanzu fupi za kitani zenye pindo la zambarau, na Wagaul walipigana uchi. Anasema pia kwamba Walibya walikuwa wamevikwa silaha bora zilizotekwa kwa Warumi katika vita vilivyotangulia. Maana yake, visanamu vyako vya Kirumi vinavyozidi vinaweza kuwa Walibya, na fedha yako ikabaki mfukoni. Wapake ngao zao hizohizo za njano ukipenda.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Ninataka jeshi la Karthago lenye tembo wengi kadiri inavyowezekana. Nitashinda?
*Mwanafunzi, Nakuru*

Mwanangu, hilo lilijaribiwa. Mwaka 202 KK, huko Zama, Hannibal alipanga tembo zaidi ya 80 mbele ya jeshi lake. Scipio, jemadari wa Roma, aliacha njia zilizonyooka kati ya vikosi vyake, akazijaza askari wepesi. Tarumbeta zilipolia baadhi ya tembo waligeuka na kuwavuruga wapanda farasi wa upande wao wenyewe, na wengine wakapita katika njia zile hadi nyuma. Miaka 15 kabla yake, huko Raphia karibu na Gaza, Ptolemy wa Nne wa Misri alikuwa na tembo 73 wa Afrika, wa aina ambayo mababu zake waliisaka katika pwani ya Bahari ya Shamu, kwenye nchi ambazo leo ni Sudan na Eritrea. Walikutana na tembo 102 wa India wa adui yake, na wengi wa tembo wa Ptolemy hawakuthubutu hata kusogea. Ptolemy alishinda hata hivyo, kwa askari wake wa miguu.

Kwa hiyo chukua kibao kimoja cha tembo, chenye mraba wa sentimita 4, kisha jaza nafasi nyingine kwa mikuki ya Libya na farasi wa Numidia, ambao ndio watakaokushindia. Na huyo tembo umpake rangi mwisho. Ukianza naye, ninakuhakikishia kwamba wapanda farasi watabaki kijivu, bila rangi, mpaka umalize kidato cha nne.