Maswali ya wasomaji: Viti 48 vikashindwa na 30?

SWALI: Shikamooni wahariri. Lesotho mwaka 2012 chama chenye viti 48 kiliachwa nje, chenye 30 kikaunda serikali. Huko si kuporwa ushindi? Na viti vyao vya orodha si sawa na viti maalumu vyetu? – Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba. Hakuna aliyeporwa. Bunge lao lina viti 120. Serikali huunda anayefikisha 61, awe wa kwanza au wa tatu. Chama cha DC (Democratic Congress) cha Pakalitha Mosisili, chenye viti 48, kilikosa wa kushikana naye. Thomas Thabane wa ABC (All Basotho Convention) alijumlisha 30 vyake, 26 vya chama cha LCD (Lesotho Congress for Democracy) na 5 vya BNP (Basotho National Party): 61 kamili, bila hata kimoja cha akiba. Kwa hesabu hiyo mbunge mmoja akinuna, baraza zima halilali. Februari 2015 walishapiga kura tena.

Kwenye orodha ndipo wengi huteleza. Viti maalumu vyetu huongezwa juu ya majimbo: chama kikifikisha asilimia 5 ya kura za ubunge kinapata mgao wake, hata kiwe kimezoa nchi nzima. Vya Lesotho hufidia: chama kilichoshinda majimbo machache kuliko kinavyostahili kwa kura zake huongezewa wabunge kutoka orodha yake ya majina. Chama chenye asilimia 20 ya kura kinastahili takriban viti 24 kati ya 120. Kikiwa kimeshinda majimbo 15, orodha inakipa 9. Kikishinda 24, hakiongezwi kitu.

Chanzo cha utaratibu huo ni uchaguzi wa 1998: LCD ilipata kama asilimia 60 ya kura, ikabeba majimbo 79 kati ya 80. Ghasia zikafuata, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia, na katika vurugu hizo mji mkuu, Maseru, ukachomwa. Utaratibu wa kufidia ulianza 2002, majimbo 80 na orodha 40.

Wajanja hawakuchelewa. Karatasi za kura zilikuwa mbili, ya jimbo na ya chama. Mwaka 2007 LCD ikasimamisha wagombea majimboni, huku kura ya chama ikielekezwa kwa mshirika wake, chama cha NIP (National Independent Party), ambacho hakikuwa na jimbo hata moja la kukatwa kwenye mgao wake. NIP ikavuna viti 21 vya orodha. Ndiyo maana tangu 2012 karatasi ni moja: ukimpigia mgombea, umekipigia na chama chake.

SWALI: Waziri mkuu anaweza kubadilika bila sisi kupiga kura? – Msomaji, Ngarenaro, Arusha

JIBU: Anaweza, bunge likiwa lilelile. Thabane alimwachia Moeketsi Majoro hivyo Mei 2020. Na tusiwashangae Wabasotho: Januari 1962, uhuru haujatimiza miezi miwili, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu wa Tanganyika na Kawawa akashika.